Kikombe Kilicholala Kifudifudi

Kituo cha uokoaji kilikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa ukutani na mbili ambazo hazikubandikwa popote. Moja ilihusu vikombe, nyingine ilihusu habari mbaya.

Vikombe vilikuwa vitano, vya bati, vyeupe, vimepangwa kwenye rafu ya stoo. Havikunywewa chai. Kila ulipokuja wito wa kupanda mahali pa hatari, waokoaji watano waliingia stoo mmoja mmoja na kufunga mlango nyuma yao. Aliyekuwa tayari kupanda alitoka bila kugusa kitu. Asiyekuwa tayari alilaza kikombe kimoja, chochote kile, kifudifudi. Mkuu wa kikosi aliingia wa mwisho, akapiga kura yake, kisha akatoka na kutangaza alichokiona. Kimoja kikilala, hakuna anayepanda. Wala hakuna anayeuliza ni nani: si siku hiyo, si msimu ukiisha, si hata mume na mke wakigombana. Sababu yake ilikuwa wazi. Mtu mwenye hofu akifungwa kamba moja na wenzake anaweza kuwaua wote, na mtu mwenye hofu akiulizwa mbele za watu husema yuko tayari.

Sheria ya habari mbaya ilikuwa fupi zaidi: husemwa mezani, si hewani. Misimu miwili iliyopita, kitinda mimba wa familia ya Mkuu, aliyekuwa mwokoaji kama kaka yake, alifukiwa na theluji kwenye mteremko unaoitwa Bega. Mwendesha redio alikuwa dada yao. Mchana kutwa aliuliza hali ya kikosi, na kila mara Mkuu alimjibu, "Wote wazima." Walipofika kituoni walikuwa wamebeba machela iliyofunikwa. Mkuu alivua glavu, akakaa mezani, ndipo akasema. Hakumwomba dada yake msamaha, naye hakudai. Walioibeba ile machela walikuwa na redio mabegani, na mtu anayeshuka ukuta wa barafu hapaswi kusikia kilio sikioni.

Siku ile walikuwa wamewafuata watu ambao, kama ilivyojulikana baadaye, walikufa kabla kikosi hakijafunga hata kamba za buti. Ndipo ikabandikwa ukutani sheria mpya: hatuvuki Bega kwa ajili ya maiti.

Mwendesha redio aliitwa Mawimbi na kikosi kizima, isipokuwa Mkuu aliyemwita mdogo wangu, na Fundi, mumewe, aliyemwita mke wangu hata kazini, jambo lililowachekesha wengine. Fundi ndiye aliyetunza kamba. Ndiye pia aliyemfunga kamba yule kitinda mimba siku ya Bega. Uchunguzi ulisema fundo lilikuwa sawa na kwamba mwamba ulioishikilia kamba ndio uliong'oka. Kila mtu kituoni aliusoma uchunguzi huo. Kila mtu pia aliendelea kukagua mara mbili fundo lililofungwa na Fundi, naye alisimama kando akiwaangalia wakilikagua.

Wito uliingia alfajiri.

"Kituo, mnanipata?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, imekauka. "Tuko wawili. Juu ya Bega, kwenye ukingo wa mwamba. Mdogo wangu ameanguka, mguu umevunjika. Hatuwezi kushuka."

Mawimbi aliijua sauti hiyo. Jana yake yeye mwenyewe alikuwa amewaambia ndugu hao wawili kwamba Bega limebeba theluji mpya na njia imefungwa. Walimshukuru kwa adabu, wakatoka nje, wakazunguka nyuma ya uzio.

"Nakupata. Mmelala nje?"

"Ndiyo."

"Mdogo wako anaongea?"

"Anaongea. Ananitukana."

"Hiyo ni dalili nzuri. Usimwache alale. Na betri ya redio uitunze, isipate baridi."

Kikosi kilikusanyika kwenye meza ndefu ya ukumbini, katikati ya buti zilizoanikwa na makoti ya mvua yaliyonuka moshi wa jiko.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema Kimya, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kunyamaza. "Huyu ameichukua methali neno kwa neno."

"Methali haiungi mfupa," Daktari alimjibu huku akijaza mkoba wake. Alikuwa mwanamke mfupi aliyebeba mzigo mzito kuliko wote na hakuruhusu mtu amsaidie.

"Sikusema tusiende. Nimesema nitakwenda nikinung'unika. Hiyo ni haki yangu."

Mwalimu, aliyewahi kufundisha hesabu kabla hajaanza kufundisha watu kutembea juu ya barafu, alicheka peke yake.

Mawimbi alisimama mlangoni mwa chumba cha redio na kusoma vipimo. "Baridi ya usiku ilikuwa kali. Theluji ya Bega imeshikana. Mkiondoka sasa hivi mtavuka kabla jua halijaifikia. Likiifikia, sitaki kuzungumzia."

"Zungumzia," alisema Mkuu.

"Tabaka la juu ni jipya na zito. Chini yake kuna la zamani, punje tupu, halishiki, kama sukari. Jua likilegeza la juu, yote yatateleza pamoja."

"Kwa hiyo asubuhi ni hatari na mchana ni upumbavu," alisema Daktari.

"Ndivyo."

"Vikombe," alisema Mkuu.

Kimya aliingia akatoka. Mwalimu akaingia akatoka. Daktari akafuata. Fundi aliingia wa nne na kutoka haraka kuliko wote. Mawimbi alimtazama usoni akipita, na kwa kuwa alikuwa ameishi na uso huo miaka mingi, alijua kwamba mumewe hakugusa kitu.

Simu ikalia. Alikuwa rubani wa helikopta, na Mkuu aliipokea akageukia dirisha, akaanza kubishana naye kuhusu upepo wa kileleni. Wengine wote walimgeukia yeye, wakijaribu kukisia majibu ya upande wa pili. Mawimbi aliingia stoo kuchukua betri. Betri zilikaa kwenye sanduku chini ya rafu ya vikombe. Aliingia humo kila siku, na mtu anayepita kila siku hakuna anayemwona.

Vikombe vyote vitano vilikuwa vimesimama.

Alivitazama jinsi alivyotazama vipimo vya upepo. Juu kulikuwa na watu wawili, mmoja asiyeweza kutembea. Chini kulikuwa na watano. Kwenye mteremko huohuo, kwa theluji ya namna hiyohiyo, alishampoteza mmoja, na waliofuatwa walikuwa maiti. Yeye hakuwa mwokoaji. Hakupanda, kwa hiyo hakuwa na kikombe. Ilishampitikia kabla ya siku hiyo kwamba sheria ile ilimpa sauti kila aliyeweza kufa, na haikumpa sauti yoyote yule atakayebaki. Alinyoosha mkono, akakilaza kikombe cha mwisho upande wa kulia, taratibu, bati lisigonge ubao. Akachukua betri, akatoka.

Mkuu alikata simu. "Helikopta hairuki," alisema, akaingia stoo na kufunga mlango.

Alipotoka, alibaki ameshika kitasa.

"Kimoja kimelala."

Hata Kimya alinyamaza, na watu waliona hivyo.

*

"Wanaondoka saa ngapi?" aliuliza yule mpandaji kwenye redio.

"Kikosi hakipandi kwa sasa. Hali hairuhusu. Subirini."

"Tusubiri nini?"

"Hali ibadilike."

"Dada, anga ni safi. Sioni hata wingu. Ni hali gani hiyo?"

Mawimbi aliachia kitufe. Dirisha la chumba cha redio lilitazama mlima, na ukanda wa kwanza wa jua ulikuwa umeshagusa miamba ya juu.

"Uliniambia nisipande," sauti ilisema tena. "Nakumbuka. Kama ni hilo, niambie kwamba ni hilo."

"Si hilo."

"Basi ni nini?"

"Tunza betri," alisema Mawimbi, na kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kweli la kusema, akanyamaza.

Ukumbini hakuna aliyevua buti. Sheria iliwaambia wasipande, haikuwaambia wafanye nini na miguu yao. Mwalimu alinoa shoka la barafu ambalo tayari lilikuwa kali. Jua liliteremka polepole kwenye uso wa mlima, na kila mtu aliyepita karibu na dirisha alilipima kwa jicho.

"Mimi nasema tu," alianza Kimya. "Kuna watu kamba zao zilishakatika zamani. Siku hizi wanafunga mafundo kwa mazoea."

"Nyamaza," alisema Mwalimu.

"Sikumtaja mtu."

"Ndiyo maana nasema nyamaza."

Watu wanne walikuwa wakiangalia kila kitu kilichokuwamo ukumbini isipokuwa Fundi. Fundi aliinuka, akasukuma kiti chake chini ya meza, akaenda kwenye chumba cha vifaa.

Mawimbi alimkuta huko akiviringisha kamba. Kamba zilining'inia ukutani kwa urefu na rangi, jinsi alivyozipanga mwenyewe, na mbili zilikuwa zimeshaondolewa kwenye misumari yake. Buti zake za miiba zilikuwa juu ya begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia."

"Unaangalia nini kwa kamba mbili na machela ya kukunja?"

"Nitafika Kiti tu. Nione Bega likoje." Kiti lilikuwa jiwe bapa chini ya mteremko, mahali pa mwisho ambapo mtu angeweza kugeuka na kurudi.

"Peke yako?"

"Mke wangu, hesabu yenyewe hata haihitaji Mwalimu. Kila mmoja pale anajua si yeye aliyekilaza. Akijitoa yeye, anabaki na wanne. Katika hao wanne, yupo mmoja aliyemfunga kamba mdogo wenu. Unadhani wamemchagua nani?"

"Sheria inasema hakuna anayeuliza."

"Hawajauliza. Wangeuliza ningejibu."

"Na ukishafika Kiti?"

Fundi alikaza mkanda wa begi, akaujaribu kwa kuuvuta, akaukaza tena. Mawimbi hakuhitaji jibu. Mtu hachukui machela kwa ajili ya kuangalia.

Alisimama pale akifikiri kwa utaratibu, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufikiri. Akinyamaza, mumewe atapanda peke yake, bila kamba iliyofungwa kwa mtu mwingine. Akisema, kura itakuwa batili, na mumewe atapanda na wenzake wanne, juu ya theluji ambayo yeye Mawimbi ndiye aliyelipa jua nafasi ya kuilegeza. Alitafuta njia ya tatu, ambayo ndani yake mumewe anabaki kituoni. Aliitafuta mara mbili, kama mtu anayerudia kusoma kipimo asichokiamini. Haikuwapo.

Alikwenda ukumbini.

"Ni mimi," alisema. "Kikombe nilikilaza mimi, nilipoingia kuchukua betri."

Kimya aligeukia mlango wa chumba cha vifaa.

"Rudia," alisema Mkuu.

Akarudia, maneno yaleyale.

"Kabla hujakigusa, vilikuwaje?"

"Vyote vilikuwa vimesimama. Wewe tu ulikuwa bado hujaingia."

"Mimi sikugusa kitu."

"Basi vilikuwa vitano," alisema Mwalimu. Akatazama dirishani. "Tungekuwa tumeshavuka."

Hiyo ndiyo sentensi ambayo Mawimbi angeikumbuka kuliko zote za siku ile, na ilisemwa bila hasira, kama jibu la hesabu ubaoni.

"Umewaua wale wawili, au umetuokoa sisi watano," alisema Daktari. "Na hatutajua ni lipi. Hilo ndilo linaloniudhi."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na begi mgongoni. Hakumtazama mkewe. "Vilikuwa vitano," alisema, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa.

"Tuondoke," alisema Mkuu.

"Hapana." Daktari hakupandisha sauti. "Tuliipigia kura theluji ya asubuhi. Hii ni theluji nyingine."

Mkuu alifikiri. "Kweli. Vikombe, upya. Na betri zitoke humo ndani."

Kimya alilitoa sanduku la betri na kuliweka miguuni pa Mawimbi. Hakutania.

Waliingia mmoja mmoja kama mwanzo, lakini si kama mwanzo. Asubuhi, mwenye hofu angeweza kujificha kati ya watano. Sasa ilikuwa imetangazwa mbele ya wote kwamba watano walikuwa tayari, na kikombe ambacho kingelala mchana kingekuwa cha mtu aliyegeuka. Daktari alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alipita karibu kabisa na Mawimbi.

"Ule ulikuwa mlango wetu wa dharura," alimwambia kwa sauti ya chini. "Umeupigilia misumari."

Mkuu alitoka wa mwisho. "Vyote vimesimama."

Walipokuwa wakifungana mikanda nje, Fundi alirudi ndani kuchukua glavu ambazo hakuwa amezisahau.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema.

"Ungekubali kubaki?"

"Hapana."

"Basi."

Nusura atabasamu. "Kaa karibu na redio, mke wangu."

*

Kila mwokoaji alikuwa na redio begani, na kila alichokisema mmoja kilisikiwa na wote. Mawimbi alimpa mpandaji habari kwa masafa mengine, kwenye redio ya pili.

"Wanakuja."

"Mdogo wangu anasema waje na mtu anayejua kutukana. Mimi nimeishiwa."

"Yuko njiani," alisema Mawimbi, na alipoyafikisha maneno hayo kwa kikosi, Kimya alijibu kwamba hatimaye mlimani amepatikana mtu mwenye akili. Mwalimu alicheka. Mawimbi alisikia kicheko hicho na pumzi nzito zilizokifuata, na miiba ya buti ikiuma barafu. Kisha utani ukaisha, kwa sababu njia ilikuwa imesimama wima.

Kikosi kilipokaribia Kiti alimwita mpandaji ili amwandae. Hakujibiwa. Akaita tena. Redio ilitoa mkoromo mtupu, bila hata ule mlio mdogo wa mtu anayebonyeza kitufe akashindwa kusema. Alibadilisha waya wa antena, akarudisha wa kwanza, akaita tena na tena. Hakukuwa na kitu.

"Kituo, tuko Kiti," ilisema sauti ya Mkuu. "Theluji ya Bega inatoa maji pembeni. Wapandaji wanasemaje?"

Mawimbi alibonyeza kitufe. "Hawajibu."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipokuwa mnakaribia Kiti. Nimeita mfululizo. Vyombo vyangu ni vizima, nimevikagua."

Upepo ulipita juu ya redio zote tano.

"Sheria ya Bega unaijua," alisema Mkuu.

"Naijua."

"Na unajua kwamba hapa ndipo pa kugeukia."

"Najua."

"Mdogo wangu, hiki ni kikombe kingine?"

Kikosi kizima kililisikia swali hilo.

"Hapana," alisema Mawimbi. "Hawajibu. Nasema kilichopo."

"Asubuhi pia ulikuwa unasema kilichopo."

Alitazama redio ya pili. Taa yake ilikuwa inawaka, sindano imelala. Angekuwa na kipimo, angekisoma. Angekuwa na sauti, angeisogeza karibu waisikie. Lakini alichokuwa nacho ni ukimya, na ukimya hauwezi kuonyeshwa kwa redio. Mtu huuchukua kwa neno la aliyeusikia, au hauchukui. Mpaka jana neno lake lingetosha kugeuza watu watano juu ya jiwe lile bila swali la pili.

"Mimi namwamini," alisema Fundi.

"Wewe ni mumewe," alisema Mkuu. "Funga kamba."

Ikapita sauti ya vyuma vikifungwa. Mtu fulani, pengine Daktari, alikohoa.

"Tunavuka," alisema Mkuu.

Juu ya Kiti njia ilipita nyuma ya mwamba mweusi, mahali ambapo redio haikufika, kisha ikatokeza katikati ya mteremko. Mawimbi aliwasikia wakififia mmoja baada ya mwingine. Fundi alikuwa wa mwisho kwenye kamba, kwa hiyo pumzi yake ndiyo iliyobaki mwisho. Kisha nayo ikakatika.

Jua lilikuwa limeshajaa uso mzima wa mlima. Kutoka dirishani Bega lilionekana laini na jeupe, halina hata alama. Kwenye bati la paa la kituo maji yalikuwa yakidondoka.

Redio ya pili ikakwaruza.

"Kituo. Kituo, mnanipata?"

Mawimbi alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Nakupata. Mlikuwa wapi?"

"Betri iliganda. Niliitoa nikaiweka kwapani ipate joto. Uliniambia niitunze."

"Mdogo wako?"

"Yupo. Mguu wake umekuwa mweusi, lakini yupo. Wako wapi watu wenu?"

Kwa hiyo wangemwamini wangegeuka, na wangewaacha watu wawili walio hai. Aliliona jambo hilo lilivyo, akaliweka kando, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwambia. Aliita kikosi kwenye redio ya kwanza. Kikosi kilikuwa bado nyuma ya mwamba.

"Wanavuka," alimwambia mpandaji.

"Wanavuka wapi? Bega?"

"Ndiyo."

Mpandaji aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu aliye karibu na mnyama aliyelala.

"Dada. Kuna kitu kimeshuka chini yetu sasa hivi."

"Kitu gani?"

"Kama lori linamwaga kokoto. Lakini hakikuisha upesi. Kuna vumbi jeupe kote chini, sioni kitu. Wao walikuwa wamefika wapi?"

Mawimbi alitazama dirishani. Sehemu ya Bega ilikuwa imefunikwa na wingu ambalo halikushuka kutoka angani.

"Kikosi, jibu," alisema. "Kikosi, jibu." Alisema kwa nafasi zilizo sawa, kama alivyofundishwa, akiacha muda wa mtu kuitafuta redio yake na kuivuta. "Kikosi, jibu."

Wingu lilianza kukonda kabla redio haijasema.

"Kituo." Alikuwa Mkuu, anahema.

"Nakupata. Hali yenu?"

"Wote wazima."

Mkono wa Mawimbi ulibaki juu ya kitufe. "Nataka kumsikia Fundi."

"Redio yake imeng'oka begani."

"Mpe yako."

"Mikono yetu ina kazi."

"Niunganishe na Daktari. Au Kimya. Yeyote."

"Mdogo wangu, mikono ina kazi."

"Kaka." Hakuwa amewahi kumwita hivyo kazini.

"Wote wazima," alisema Mkuu, kwa kasi ileile na uzito uleule wa misimu miwili iliyopita. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtu anapiga koleo kwenye theluji, au anakita shoka apate pa kushika. Kwa redio sauti hizo mbili hufanana. "Wapandaji wamejibu?"

"Wamejibu. Betri ilikuwa imeganda. Wote wawili wako hai."

Koleo, au shoka, likagonga tena mara mbili.

"Hilo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sawa," alisema Mkuu, na hapakuwa na kitu katika neno hilo cha kumwonyesha kama ameamini. Mawimbi naye alikuwa amelichukua lile la kaka yake vivyo hivyo, akaliweka pale mezani mbele yake, lisilogusika. "Waambie wakae walipo. Usiniite mpaka nikuite."

Redio ya kwanza ikanyamaza. Ya pili ikakwaruza.

"Dada, bado wanakuja?"

"Wanakuja."

"Wangapi? Mdogo wangu anauliza. Anasema yeye ni mzito, anataka kujua kama watatosha kumbeba."

Mlango wa stoo ulikuwa umeachwa wazi tangu kura ya pili. Kutoka mahali alipokaa Mawimbi aliiona rafu yote, na vikombe vikiwa vimesimama kama walivyoviacha.

Akabonyeza kitufe.

"Watano," alisema.